Bibi wa Jumatatu na Bibi wa Alhamisi

Kaeni, ndugu zangu, niwape kisa cha muuguzi mmoja.

Kila Jumatatu muuguzi huyo alimtembelea kikongwe mwenye kisukari. Alimsafisha kidonda cha mguuni, akamwachia vidonge vya wiki, akaenda zake. Alhamisi alikuja bwana wa mazoezi ya viungo. Hawakuwahi kukutana. Kila mtu na siku yake, kila mtu na daftari lake.

Nyumba ile ilimsisimua mwili muuguzi. Vidonge viliisha kila wiki, lakini sukari haikushuka. Na mezani kulikuwa na vikombe viwili vya chai, vyote vikitoa mvuke.

"Unakaa na nani, bibi?"

"Na mimi mwenyewe, mwanangu."

Nyuma ya pazia kitu kikavuta pumzi. Muuguzi aliangalia saa, akaondoka. Wewe ungefungua pazia?

Ijumaa moja wahudumu wa wazee wakaitwa semina, wafundishwe kufanya kazi pamoja. Wawili hao wakaketishwa meza moja, wakagundua kwamba wanamhudumia bibi mmoja.

"Kidonda cha bibi yetu hakiponi," alisema muuguzi.

"Kidonda gani? Miguu yake namnyoosha mwenyewe. Haina hata mkwaruzo."

"Basi unamnyoosha jini!"

Watu wakacheka.

"Nyumba ya mlango wa bluu, nyuma ya mashine ya kusaga?" aliuliza yule bwana.

"Hiyohiyo."

Hawakucheka tena. Jioni ileile wakapiga hodi pamoja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Leo mmekuja wote."

Sura ilikuwa ileile, lakini mguu haukuwa na kidonda. Muuguzi akavuta pazia. Bibi wake wa Jumatatu alikuwa amelala, amefunikwa kanga hadi kidevuni. Alimgusa. Wa baridi.

"Pacha wangu," alisema bibi. "Kadi ya kliniki tulipewa moja. Vidonge tuligawana."

"Yuko hivi tangu lini?"

"Jana asubuhi." Akamgeukia yule bwana. "Ulikuja ukaninyoosha miguu, naye yuko hapo."

"Mbona hukusema, bibi?"

"Ulikuja kwa ajili ya miguu, baba."

Ndugu zangu, nani kati yao alikuwa mvivu? Hakuna. Na sisi je? Mmoja wetu huwapelekea wazee unga, mwingine huwaombea, mwingine huwapeleka kliniki. Lini tumekaa tukaulizana nani kamwona nani? Leo siombi amina. Wote mnaotembelea wazee, msitoke. Sogezeni viti hapa mbele mtazamane, muanze na mzee ambaye kila mtu anadhani mwenzake amemwona wiki hii.