Gari Lililokohoa Asubuhi Nzima

Kitendawili. Babu yangu anakohoa asubuhi nzima, neno halimtoki. Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, mmenipa Tukuyu. Nimekwenda, nimekula ndizi zao, nimerudi. Jibu ni gari lililotoka kwa fundi jana.

Na ile methali niliyomwambia baba yenu, mkaniuliza imetoka wapi, "Mkono uliofungua ndio uulizwe kwanza," ilizaliwa na gari kama hilo.

Akina mama wa kijijini kwetu walikuwa na pikapu moja ya kupeleka maziwa kwenye tangi la ushirika. Saa nne tangi linafungwa. Ukichelewa, maziwa yako yanachacha unayaona. Basi gari likaanza kukosa nguvu mlimani. Tukamwita fundi Mwasomola, akaifungua injini, akaisafisha, akala, akasifiwa, akaenda zake.

Kesho yake saa moja, madumu yamepakiwa. Anyosisye, dereva wetu, akapiga stata. Injini ikazunguka, nye-nye-nye, isiwake. Mwasomola akaitwa.

Mama Sekela, kiongozi wetu, akamuuliza kwa adabu, "Fundi, jana ulifungua wapi?"

"Mama, hii ni injini, si ng'ombe," akajibu Mwasomola. Akamgeukia Anyosisye. "Wewe umetia petroli yenye maji."

Petroli ikamwagwa, ikatiwa nyingine. Nye-nye-nye. Sasa kosa likawa la betri. Hata mimi, mtoto wa darasa la nne wakati huo, nilisikia stata inazunguka kwa nguvu. Betri ina kosa gani? Tukaazima ya trekta hata hivyo. Nye-nye-nye. Mwisho kosa likawa letu, eti tumepakia madumu mengi. Gari limesimama, wajukuu zangu, linalemewa na nini? Nasi kwa ujinga wetu tukayashusha, tukayapanga juani.

Saa nne ikapita. Mama Sekela akafungua dumu moja, akanusa, akalifunga taratibu. Maziwa ya kaya kumi na mbili. Ndama wangu nilimnyima yale maziwa, yakaja kuharibikia barabarani. Nikikumbuka, mpaka leo moyo unanichemka.

Mama Sekela akamwendea yule bwana, akasimama mbele yake.

"Umeiuliza petroli. Umeiuliza betri. Umetuuliza hata sisi tuliokamua. Mkono uliofungua ndio uulizwe kwanza. Mwasomola, jana ulifungua wapi?"

Safari hii hakumwita "Fundi", alimtaja jina tupu, na kila mtu alisikia.

Mwasomola akatazama viatu vyake. Kisha akainama kwenye injini, akafungua kifuniko cha chujio la hewa, akaingiza vidole, akavuta kitambaa kilicholowa mafuta.

"Hapa," akasema, sauti ndogo. "Niliziba nacho ili vumbi lisiingie nikisafisha. Nikafunika, nikasahau kukitoa. Injini haikuwa na pa kuvutia hewa."