Betri Iliyofungwa Pindoni

Isome mpaka mwisho, ndugu yangu; ni fupi kuliko foleni ya bombani. Ukimaliza, mkumbuke mtu mmoja aliyewahi kukusumbua kwa faida yako, kisha umtumie.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Usambara alikuwepo mkunga aliyeitwa Bi Hidaya. Wapo aliowapokea wakizaliwa, kisha akaja kuwapokea na watoto wao. Zahanati yake ilikuwa na kitanda kimoja cha kuzalia, na umeme uliokuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Kwa hiyo akina mama wa kijiji walichanga, wakamnunulia tochi nzuri ya kuvaa kichwani, ile inayotumia betri za lithiamu, fupi na nene kama kidole gumba.

Bi Hidaya aliipenda tochi ile kuliko redio yake. Akiulizwa, husema, "Wengine wanashukuriwa makaburini. Mimi nimeshukuriwa nikiwa mzima."

Betri zake alikuwa akizichaji kwa fundi Shemboza, mwenye kibanda cha sola karibu na soko. Fundi huyu alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na maneno. Hakumrudishia mtu betri hivi hivi. Betri mbili za akiba za Bi Hidaya alizifunika ncha kwa utepe mweusi, akatia kila moja kwenye kikasha chake cha plastiki, kisha akaanza.

"Hidaya, usizichanganye na funguo. Wala sarafu. Chuma kikigusa ncha zote mbili, betri inapata moto yenyewe, hata kama haimo ndani ya tochi."

"Nimesikia, fundi."

"Hata juzi ulisikia."

"Shemboza, tumesoma darasa moja, na hesabu ulikuwa unaangalizia kwangu. Leo utanifundisha mimi kubeba betri?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Fundi naye akacheka, lakini hakunyamaza. Bi Hidaya alikwenda zake akiwa bado anaisikia sauti yake ikimfuata nyuma: "Kwenye kikasha, Hidaya! Kwenye kikasha!"

Sasa, Bi Hidaya alikuwa na mazoea yake. Kila kitu cha maana kwake kilikaa pindoni. Funguo za kabati la dawa pamoja na mkufu unaozishika, chenji ya sokoni, hata kipande cha tangawizi, vyote vilifungwa fundo moja kwenye pindo la kanga aliyojitanda. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. "Pindo langu halijawahi kupoteza hata senti," alipenda kusema, na ilikuwa kweli.

Basi alipokata tu kona ya mashine ya kusaga, akatoa betri moja kwenye kikasha, akabandua utepe kwa meno, akaifunga pindoni pamoja na funguo ili iwe karibu. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. La Bi Hidaya lilikuwa zima kabisa, ila lilikuwa na majivuno. Betri ya pili alitaka kuifanyia vivyo hivyo, lakini mvua ikaanza kunyesha. Akavaa koti lake la mvua juu ya kanga, akaiacha betri ile ndani ya kikasha chake, chini kabisa ya mkoba wake wa kazi, pamoja na tochi.

Hakufika hata nyumbani. Kijana mmoja, mume wa Mwantumu, alimjia mbio, matope mpaka magotini.

"Shikamoo mama mkunga. Mwantumu ameshikwa na uchungu. Mlima umeporomoka, barabara imekatika, hatuwezi kumleta zahanati."

"Marahaba. Basi zahanati itakwenda kwake. Twende."

Ilikuwa saa nane mchana, lakini masika ya milimani hayajali saa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka juu ya mapaa, na chumba alimolala Mwantumu kilikuwa na kidirisha kimoja tu, ukubwa wa sinia. Bi Hidaya akavua koti, akanawa mikono, akavaa tochi kichwani, akapiga magoti.

Kabla ya saa tisa mtoto alizaliwa, wa kike, akalia kwa nguvu. Kanga zilizoandaliwa kumpokea zilikuwa zimelowa kwa sababu paa lilivuja. Bi Hidaya akavua ya kwake, iliyokuwa kavu, akamviringa mtoto, akaikaza vizuri, akampa Bibi Mwanahamisi, mama mkwe wa Mwantumu. Bibi huyo alikuwa amekwisha kupoteza macho, ila mikono yake ilikuwa imelea watoto tisa.

Hapo ndipo Bi Hidaya alipoona damu. Ilikuwa nyingi, na haikuonyesha dalili ya kukoma. Akainama karibu zaidi atafute inatoka wapi.

"Mkunga," akasema Bibi Mwanahamisi, "mtoto ana homa."

"Bibi, mtoto hana hata robo saa duniani. Homa aitoe wapi? Hilo ni joto la tumboni mwa mama yake."

"Joto la mama haliunguzi mkono."

Bibi hakungoja jibu. Alilifuata joto kwa vidole mpaka kwenye fundo la kanga, mgongoni kwa mtoto. Akaivuta kanga yote kwa mkupuo mmoja, akamkumbatia mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, na kanga akaitupa kule alikoisikia mvua. Ikapita mlangoni, ikaangukia dimbwini uani. Kabla haijatulia ukasikika mlio, paa! Moshi ukafumka, na pindo likawaka moto pale pale mvuani.

Mgongoni mwa mtoto palikuwa na alama nyekundu ukubwa wa sarafu. Basi. Dakika mbili zaidi, na hadithi hii ingekuwa nyingine.

Aibu ya Bi Hidaya ilibidi ingoje, kwa sababu tochi kichwani mwake ilipepesa, ikafifia, ikazimika. Mwantumu alikuwa bado anavuja damu gizani, na betri ya akiba aliyoiweka karibu ndiyo ile iliyokuwa ikiungua uani.

"Mama mkunga," Mwantumu akanong'ona, "mbona siwaoni?"

"Tupo, mwanangu. Usilale. Zungumza na mimi."

Ndipo akakumbuka. "Nileteeni mkoba!"

Akauingiza mkono mpaka chini, na vidole vikagusa kikasha cha fundi. Betri ilikuwa kavu, ya baridi, na utepe wake juu. Akaubandua kwa meno yale yale, akaitia kwenye tochi. Chumba kikajaa mwanga. Akapaona palipochanika, akapabana, akashona. Damu ikakata.

Alipomaliza, alikaa chini sakafuni akalia bila kujificha. "Bibi, asante," akasema.

"Ashukuriwe Mungu," akajibu Bibi Mwanahamisi. "Mimi nilishika tu."

Mvua ilipokatika siku ya pili, Bi Hidaya alikwenda kibandani kwa Shemboza. Foleni ilikuwa ndefu kama kawaida. Alisimama mbele ya watu wote.

"Shikamoo, fundi."

Shemboza akaweka koleo chini. "Shikamoo? Mimi na wewe tumezaliwa mwaka mmoja. Kulikoni? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ndiyo maana nimekuja."

Akatandaza mezani pindo lililoungua na funguo zilizokuwa nyeusi kama mkaa. Akasimulia yote, hakuficha hata lile la kubandua utepe kwa meno. Kisha akainamisha kichwa angoje neno alilostahili: nilikwambia.

Shemboza hakulisema. Alifungua vifungo viwili vya shati lake. Kifuani, pale mfuko wa shati unapokaa, palikuwa na kovu pana, limekunjamana.

"Aliyeniuzia betri yangu ya kwanza alikuwa mzee mmoja wa mjini," akasema. "Alinionya mara tatu. Nikamwita mwoga, nikaitia betri mfukoni pamoja na sarafu. Nilipotoka hospitali nilikwenda kumshukuru. Nikakuta matanga yake. Hidaya, asante yangu ilikosa pa kwenda. Ndiyo hiyo ninayowagawia nyinyi kila siku, na nyinyi mnasema fundi ana maneno."

Bi Hidaya alimpa vikasha vyake viwili, fundi akavitia betri zilizofunikwa ncha. Bi Hidaya akavipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. Alipogeuka aondoke, akamwona mwanamke mmoja kwenye foleni akiifunga betri yake pindoni.

"Mwanangu," akamwambia, "lifungue hilo fundo. Njoo hapa nikusumbue kidogo."

Funzo: Anayekuonya kila siku anakugawia kilichomuuma yeye, kwa hiyo mshukuru angali anakusikia, na asante ikikosa pa kwenda mpelekee mwingine, nayo betri ya akiba ibebe kwenye kikasha chake, ncha zikiwa zimefunikwa, mbali na funguo na sarafu.