Jiwe Moja, Nyuso Tatu

Haya, sogeeni. Hadithi hii aliyenisimulia ilimshinda, nami ikanishinda. Leo naileta kwenu, maana vichwa vingi si sawa na kimoja.

Zamani, katika milima ya Ulaya, palikuwa na abasia, yaani makao ya watawa, iliyoitwa Altenfels. Kanisa lake lilikuwa la mawe matupu. Nguzo zake zilikuwa nene, na juu yake matao ya dari yaliegemeana kama vidole vya mtu anayesali. Watawa walikuwa wengi, lakini watatu walijulikana mpaka kijijini bondeni.

Bruda Vulframu alikuwa na masikio. Akiegemeza shavu ukutani, alikwambia jiwe lipi limetulia na lipi limechoka.

Bruda Odilo alikuwa na sauti. Alipoimba, mtoto mchanga alinyamaza, na waliokuwa wakigombana walisahau walichogombania.

Bruda Tasilo alikuwa na mabega. Alikuwa seremala na mwashi, mtu wa maneno machache. Gogo la kubebwa na wanaume wanne alilinyanyua peke yake, kisha akaomba uji.

Mkuu wao alikuwa Abati Gebhardi, mzee mpole ambaye kuamua jambo kulimpa homa.

Mwaka mmoja theluji iliyeyuka kwa ghafla, na mvua ikanyesha juu yake. Mto ukafurika, nyumba za bondeni zikazama. Watu wakapanda hadi abasia na watoto wao, mbuzi wao na mablanketi yaliyolowa. Abati akawafungulia kanisa, wakajaa mpaka miguuni pa altare. Nje, maji yalishuka kutoka mlimani na kupita chini ya kuta.

Baada ya misa ya mchana, Vulframu alimwendea Abati. "Baba, nguzo ya kaskazini inalia. Haitafika jioni."

"Una hakika?"

"Nimeisikiliza tangu asubuhi. Watoe watu, Baba, nakuomba."

Abati alimwamini. Lakini kabla hajamaliza kutangaza, jiwe lilidondoka kutoka darini, na vumbi la chokaa likajaa kanisa zima. Watu wakapiga mayowe, wakaukimbilia mlango mkubwa. Nao mlango ule ulifungukia ndani! Kadiri walivyousukuma, ndivyo walivyoufunga. Watoto wakaanza kukanyagwa.

Hapo Odilo akapapasa ukuta mpaka kwenye mlango mdogo wa bustani, akaufungua, akasimama kizingitini akaimba. Ulikuwa wimbo wa Pasaka, ambao kila mtu pale aliujua tangu utotoni. Mayowe yakapungua. Mtu mmoja akaitikia, kisha wa pili. Katika lile vumbi hakuna aliyeona kitu, lakini wote walisikia sauti iko upande gani. Wakaiacha ile njia ya kifo, wakaifuata sauti, wakatoka wakiwa wameshikana mikono.

Wakati huo nguzo ya kaskazini ilikuwa imeanza kupinda. Tasilo alishika boriti iliyolala ukutani, akaitegemeza chini ya tao, na ilipoteleza akaiwekea bega lake mwenyewe.

Wa mwisho kutoka alikuwa mjane Gerlinde, aliyekuwa akimburuta mbuzi wake.

"Mama, mwache huyo mbuzi!" Tasilo alifoka.

"Ndiye aliyenibakia!"

Tasilo akaendelea kubeba. Gerlinde na mbuzi walipovuka kizingiti, alijirusha nje. Boriti ilimvunja mguu, na nyuma yake dari yote ikashuka kwa kishindo kilichowafanya watu wapige magoti. Walipohesabiana, hakuna aliyekosekana.

Wanakijiji walilijenga upya kanisa lile kwa mikono yao. Miaka ikapita, matao yakapanda tena, likabaki jiwe moja tu: jiwe la katikati, linalofunga dari na kuyafanya matao yote yasimame. Wakamwambia Abati, "Tunataka jiwe hili lichongwe uso wa aliyetuokoa, ili wajukuu wetu wakiinua macho wamjue."

"Ni yupi huyo?" Abati akauliza.

Hapo ndipo vurugu ilipoanza.

"Vulframu!" walisema wengine. "Asingesikia, tungezikwa tukiwa tumekaa."

"Alisikia tangu asubuhi, akasema mchana!" wakajibiwa. Vulframu akainamisha kichwa. "Niliogopa kuwarudisha watoto mvuani kwa kosa la sikio langu," alisema.

"Basi Odilo! Mlangoni pale tungeuana wenyewe."

"Odilo? Aliyekuwa amesimama salama mlangoni?"

"Ningeimbia ndani, mngenifuata ndani," Odilo alijibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza.

"Tasilo, basi," alisema Gerlinde. "Mwangalieni anavyochechemea."

Mzee mmoja akakohoa. "Mwaka ule, kabla ya mafuriko, nani alipanua dirisha karibu na nguzo ya kaskazini?"

Wote wakamgeukia Tasilo.

"Ni mimi," alisema. "Mlitaka mwanga. Sijui kama ni dirisha au ni maji yaliyoidhoofisha nguzo. Kila siku najiuliza."

Abati akamgeukia Vulframu. "Wewe ulisikia. Lilikuwa dirisha?"

"Nilisikia inalia, Baba. Haikusema kwa nini."

Abati akashika kichwa. Akapendekeza nyuso tatu. Fundi Ekhardi, aliyekuwa juu ya jukwaa na patasi yake, akacheka. "Kwenye jiwe hili? Zitakuwa kama punje tatu za kunde. Huko chini hakuna atakayeona kitu." Abati akapendekeza jiwe liachwe tupu. Gerlinde akakataa: "Jiwe tupu litasema hatukuokolewa na mtu." Abati akataja jina la Odilo, akalifuta. Akataja la Tasilo, akalifuta nalo. Watawa watatu hawakutazamana machoni.

"Baba Abati," Ekhardi aliita kutoka juu, "theluji inakuja, na mbao zinazoshikilia matao zimeanza kuoza. Jiwe lisipoingia wiki hii, dari hii nayo itashuka. Nimchonge nani?"

Abati akawatazama watu, watu wakamtazama yeye.

Sasa amewageukia ninyi. Kuna aliyesikia lakini akachelewa kusema, kuna aliyeongoza akiwa mlangoni, na kuna aliyebeba mzigo ambao huenda aliusababisha mwenyewe. Fundi anangoja, patasi iko mkononi. Je, wewe ungemwambia achonge uso wa nani?