Kokoro Halikufika Uzazini

Akiba haiozi, husema wahenga, na mtu aliyewahi kusahau samaki ndani ya kapu katika jua la Kilosa anaweza kuwacheka. Samaki huoza, tena upesi, na jirani hupata habari kabla ya mwenyewe. Lakini wahenga hawakuwa wajinga, wala hawakukosa pua. Walimaanisha kwamba kinachowekwa kwa ajili ya kesho hakipotei bure, hata kama leo kinamfanya mwekaji aonekane mchoyo au punguani. Mwinshehe wa Ziwa Nyangala alionekana vyote viwili kwa wakati mmoja.

Nyangala lilikuwa ziwa dogo katika mbuga za upande wa Tindiga. Masika yalipofika, maji yalitanda hadi kwenye majaruba ya mpunga, na perege wakaogelea miguuni mwa watu wanaopalilia. Kiangazi kilipokaza, ziwa lilinywea likawa madimbwi, na kina cha kweli kikabaki katika pembe ya mashariki tu, chini ya matete marefu. Pembe hiyo wenyeji waliiita Uzazini. Kama vile mwanamume asivyoingia ovyo chumbani kwa mzazi aliyetoka kujifungua, ndivyo mvuvi asivyotia mtego Uzazini tangu maji yanapopungua hadi mvua kubwa irudi. Kila mwaka mkubwa wa wavuvi alichomeka fito mdomoni mwa pembe ile, akazifunga vishada vya matete, na watu wakaziheshimu. Marehemu baba yake Mwinshehe aliifanya kazi hiyo, na baada yake ikamwangukia mwanawe. Uzazini palifunguliwa katika njaa tu, na kwa migono tu, ile mitego ya kusukwa ambayo mlango wake huwaachia wadogo watoke.

Kufikia mwaka wa 1973 kijiji cha ujamaa kilikuwa kimesimama kando ya ziwa. Watu wa mbugani walijenga safu moja na familia zilizoshuka kutoka milimani, adhana na nyimbo za Kianglikana zikazoeana. Mwenyekiti alikuwa Yeremia, mtu wa milimani, mchapakazi mwenye huruma ya kweli. Kilichomuuma ni vinu. Kila alfajiri kijiji kizima kilidundwa na michi, na wanawake waliokwenda shambani walikwenda wakiwa wamekwisha kuchoka. Mkewe Hildegarda alikuwa na mgongo ambao ulikataa kunyooka. Kwa hiyo wilayani walipokubali kuleta mashine ya kusaga iwapo kijiji kingejaza lori moja kwa samaki wakavu, Yeremia hakulala kwa furaha. Aliazima kokoro, wavu mrefu wa kukokotwa na watu wengi, wenye macho madogo kama ya chekecheke, akaitisha mkutano.

Mwinshehe alisimama, kofia mkononi.

"Ndugu Mwenyekiti, kokoro halichagui. Linabeba mzazi na mtoto. Tukilipitisha Uzazini, mwakani tutavua matope."

"Nimekusikia, ndugu Mwinshehe," Yeremia alijibu kwa upole. "Samaki wana uzazi wao. Na wake zetu je? Mama mwenye mimba ya miezi minane anatwanga. Nani amemchomekea fito?"

Wanawake walipiga makofi. Mwantumu, mke wa Mwinshehe, naye alipiga, tena kwa nguvu kuliko jirani zake. Mwinshehe alimtazama, na moyo ukamwambia kwamba mkewe hakukosea. Mikono ile ilikuwa na sugu za mchi tangu alipomwoa. Akabaki na ombi tu.

"Basi vueni ziwa lote, mniachie pembe ile. Lori lisipojaa, tutazungumza tena."

Mkutano ukakubali shingo upande.

Kokoro lilifanya kazi yake. Perege wakubwa, perege wa kiganja, hata vitoto visivyozidi ncha ya kidole, vyote vilibanikwa juu ya chanja, na moshi ukatanda kijijini kama wakati wa kuchoma nyasi. Lakini lori lilipofika halikujaa. Nyuma palibaki nafasi ya magunia kadhaa, na dereva alisema wazi kwamba hatarudi na mashine kwa mzigo nusu.

"Basi, mzee wangu," Yeremia akasema. "Fito zing'olewe."

Vijana walikuwa wamekwisha kulibeba kokoro begani. Mwinshehe aliwatazama, akatazama matete, kisha akageuka kwenda nyumbani kwake. Aliingia ghalani, akatoa mpunga wake wote, gunia baada ya gunia, akaupakia mwenyewe hadi pengo likazibika. Jasho lilimtiririka, na hakuna aliyemsaidia kwa kuwa hakuna aliyeamini alichokiona. Dereva akaukubali mpunga badala ya samaki, na lori likaondoka limejaa.

Mwantumu alirudi kutoka kisimani akakuta ghala linapigwa na upepo.

"Baba Tatu, mpunga uko wapi?"

"Nimeukomboa Uzazini."

Mwantumu alitua ndoo taratibu. "Umetoa chakula cha mwanao uwalishe samaki usiowala. Mwanamume mwingine huuza mpunga anunue kanga. Wewe umenunua maji."

Hakupiga kelele. Alimshika binti yao Tatu mkono, akachukua mkeka, akaenda kwa mama yake Tindiga. Mwinshehe alikaa peke yake akila mihogo ya kuchemsha, na kijijini wakamwita Mkunga wa Kambare. Aliumia. Mtu akisema kwamba mtunza akiba haumii, huyo hajawahi kutunza chochote.

Mashine ilikuja kabla ya sikukuu ya Uhuru, kama walivyoahidi. Wanawake waliiimbia, na Hildegarda aliigusa kwa kiganja kama anayempapasa ng'ombe mtulivu. Yeremia alilia mbele za watu bila kuona haya, na hata Mwinshehe alifurahi, kwani wema ni wema. Jioni ile Mwantumu alitokea na mkeka wake kichwani.

"Usijivune," alimwambia mumewe mlangoni. "Nimeifuata mashine, si wewe."

"Karibu uifuate kila siku," Mwinshehe akajibu, akamtua mkeka. Kabla ya masika Mwantumu alikuwa na mimba.

Lakini masika yenyewe hayakuja. Vuli ilikuwa imetoa manyunyu, na sasa mawingu yalipita juu ya mbuga yakielekea kwingine. Mahindi yalikauka yakiwa na kimo cha goti, mpunga haukuchanua kabisa. Mashine ikanyamaza, kwa kuwa hapakuwa na cha kusaga. Serikali ilileta mahindi ya njano ya mgao, na watu wakashukuru, lakini mgao ulipimwa kwa kopo na haukuwa na kitoweo. Wavuvi walikwenda ziwani. Mitumbwi ilirudi mitupu, nyavu zikatoka na magugu. Perege ambao wangekuwa wakubwa mwaka huo walikwisha kubanikwa mwaka uliopita wakiwa kama vidole.

Ndipo Yeremia alipokwenda kwa Mwinshehe. Alikuwa amekonda, shati limemzidi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Sitakaa. Kijiji kina njaa, na nilitaka kulitia kokoro mahali usipotaka. Leo sina amri ya kukupa. Nimekuja kuomba."

Mwinshehe angeweza kumkumbusha jina la Mkunga wa Kambare. Hakulitaja. Alimwonea huruma, maana mtu yule alitaka kuwatua watu mzigo, wala hakuwa na kosa jingine.

"Kokoro hapana," alisema. "Migono. Wazazi na wazee wapewe kwanza, na mimi nikisema basi, iwe basi."

Siku iliyofuata fito ziling'olewa. Migono iliyozamishwa chini ya matete ilitoka mizito, kambare wananguruma ndani yake, perege wapana kama sahani. Watu waliokuwa wamesimama ukingoni walisogea karibu. Wengine walicheka kwa sauti ya watu wanaotaka kulia. Wiki baada ya wiki Uzazini palitoa kitoweo, na watoto waliovimba miguu wakaanza tena kukimbizana.

Mwantumu alijifungua mwana wa kiume kiangazi hicho. Maziwa yalikataa kutoka, mtoto akalia hadi sauti ikakauka, na Mwinshehe alizunguka nyumba akiwa hajui pa kuweka mikono. Hildegarda ndiye aliyekuja na bakuli la supu ya kambare, akamshikia mzazi kichwa akanywa. Alikuja tena kesho yake, na keshokutwa, hadi maziwa yakashuka. Mwinshehe alipoitwa kumtazama mwanawe akinyonya, alisimama mlangoni akilia wazi.

"Baba Tatu," Mwantumu alisema bila kuinua macho, "yale maji uliyonunua ni matamu."

Hata hivyo mtihani ulikuwa haujakwisha. Migono ilipoanza kutoka myepesi, ulikuwa wakati wa kusema basi, na mvua bado haikuonekana. Mwinshehe alisimama ukingoni na fito kwapani, asiweze kuzichomeka. Alimfikiria mtoto mchanga, maziwa ya mkewe, bakuli la Hildegarda. Mara moja zaidi, alijiambia. Nani angemlaumu?

Yeremia alikuwa kando yake. Alizichukua zile fito kwapani mwake, akapandisha suruali, akaingia majini hadi kiunoni. Alizichomeka moja moja, akizigonga kwa jiwe, na vishada alivifunga vibaya vibaya kama mtu wa milimani.

"Ulisema basi iwe basi," alisema akitweta. "Hukusema basi ni ya wenzako tu. Mgao wa nyumbani kwangu tutaugawana na mama Tatu."

Wakala mahindi ya njano na mlenda, wakavumilia. Uzazini pakabaki na samaki wake wachache, wazito wa mayai.

Mvua iliyofuata ilikuja kwa fujo, ikang'oa hata paa la mashine. Maji yalipita juu ya fito, yakafunika madimbwi, yakaingia majarubani, na watu wa milimani na wa mbugani wakasimama matopeni wakionyeshana vijiperege vilivyotapakaa kila upande. Mashine ilisaga tena mavuno yalipopatikana. Kokoro lilirudishwa lilikoazimwa, nalo halikuazimwa tena.

Siku hizo za mavuno Yeremia alikwenda kwa Mwinshehe na mpunga, gunia baada ya gunia, akaujaza ghalani kwake. Mwinshehe alipokataa, Mwantumu alimsukuma pembeni akaupokea mwenyewe. Samaki waliojaza lori waliliwa wakasahaulika, lakini wale walioachwa majini walilisha kijiji na kulijaza ziwa. Hakika, akiba haiozi.