Hajala Dawa Yoyote

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja, muuza vitumbua, na mtaa mzima ulijua kwamba mwanawe hagusi sigara, hagusi pombe, hagusi bangi. Kijana alikuwa kidato cha pili, beki wa timu ya mtaani. Tatizo lake wembamba. Kwenye ndondo, ile michuano ya mitaani, washambuliaji walimpitia kama wanasogeza pazia. Wenzake wakampeleka jimu, na huko akauziwa kopo la unga, lenye picha ya mtu mwenye kifua cha fahali na maandishi ambayo si yeye wala mama yake aliyeyaelewa.

"Hii ni dawa, baba?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Ni lishe tu."

Lishe! Mama gani atalisikia neno hilo asifurahi? Si ndilo tunaloimbiwa kliniki tangu mtoto ananyonya? Huyu alilelewa kwa uji wa lishe: ulezi, mtama, karanga. Basi mama akalipokea kopo, akaliweka jikoni, na kila asubuhi akawa anamkorogea unga ule kwenye uji. Kijiko cha kupimia kilichokuwa ndani alikitupa, maana uji wake hajawahi kumpimia mtu. Siku ya fainali akazidisha. Mngemlaumu?

Kipindi cha pili, bila kuguswa na mtu, kijana akaketi chini uwanjani. Kisha akalala.

Wakamkimbiza kituo cha afya kwenye bodaboda, amebanwa katikati asianguke. Mama akafika na aproni yake, mikono ingali na unga wa mchele. Daktari, mwanamke wa makamo, akamgeukia.

"Mama, nisaidie. Ametumia dawa yoyote?"

"Daktari, naapa mbele za Mungu. Mwanangu hajala dawa yoyote."

Mnamsikia? Hakusema uongo hata kidogo, na mtoto alikuwa anamponyoka mikononi.

Daktari akamtazama, akasema, "Haya, tuliache neno dawa. Leo amekunywa nini?"

"Uji tu. Uji na lishe yake ya mazoezi."

"Nani alimkorogea?"

"Mimi."

Daktari hakumgombeza. Alipokwisha kumtundikia kijana dripu, alichukua kile kipimo cha kusikilizia moyo, akamtia mama masikioni. "Sikiliza," akasema.

Mama akasikiliza. Moyo ulikuwa unakimbia, unajikwaa, unainuka, unakimbia tena. Akaogopa sana. Halafu, katikati ya hofu ile, ikamjia nyingine iliyo kubwa zaidi, ile ya mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu. Moyo huu ulianza kupiga tumboni mwake, yeye mwenyewe akidhani ni malaria tu inamsumbua! Hakuukoroga yeye. Ulipiga mtoto alipolala, ulipiga alipougua surua, ulipiga yeye akiwa sokoni hana habari. Na sasa, baada ya kuchapwa kwa mkono wa mama mwenyewe, ulikuwa bado unampigania mwanawe. Akalia. Hakukiondoa kile kipimo masikioni hadi jua lilipopinda na mapigo yakaanza kutulia.

"Daktari," akauliza, "mle koponi mlikuwa na nini?"

"Sijui, mama. Na aliyewauzia hajui."

Ndugu zangu, sisi samaki tunamfunua mashavu sokoni tuone kama bado ni mekundu. Nyanya tunaibonyeza. Kopo je? Kopo tunaliamini kwa picha, tukamnywesha mtoto ambaye hata ndevu hazijamtoka. Tunawauliza vijana wetu, "Unatumia dawa?" wanajibu hapana, tunashukuru, tunalala. Hatuwaulizi wanakunywa nini. Na yule kijana, ni nani aliyemwambia kwamba jinsi alivyoumbwa haitoshi? Ni sisi. Sisi tuliosimama pembeni mwa uwanja tukimcheka.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujamwambia mwanao ajaze kifua, mwite. Atashangaa, atakwambia, "Mama, una nini leo?" Wewe mvute tu, weka sikio lako kifuani pake, unyamaze. Sikiliza kazi inayofanyika mle ndani bila kuombwa. Halafu, ukithubutu, sema ni kitu gani Mungu alisahau kutia.