Chui Aliyetaka Kumzuia Umande

Nikinena?

— Nena tusikie!

Nikiongopa?

— Ongopa vizuri!

Na shemeji Shekiondo akinuna?

— Anune, chai yake ipo!

Haya. Tangu asubuhi shemeji yangu huyu amekaa pale kona, kikombe mkononi, mdomo mrefu. Mpwa wake leo anatolewa nje, anapewa jina, yeye anasema, "Dume zima laitwaje Umande? Hilo jina la kike." Sawa. Mimi si mtu wa kubishana, mnanijua. Nitasimulia tu.

Hapo kale, chui hakuwa na doa hata moja. Mwili wake ulikuwa wa rangi moja, mtupu kama ngozi ya ngoma. Nguvu alikuwa nazo, na tumbo lake halikuwa na mwisho. Akajitungia sheria. Akasema, "Dume lenye jina la kiume ni la mama yake. Dume lenye jina la kike ni langu." Na nani wa kuamua lipi la kiume na lipi la kike? Yeye na njaa yake.

Akaenda kwa Paa.

"Umezaa?"

"Nimezaa."

"Dume?"

"Dume."

"Jina?"

"Wingu."

"La kike hilo." Ngwamu!

Akaenda kwa Kanga.

"Umezaa?"

"Nimezaa."

"Dume?"

"Dume."

"Jina?"

"Ua."

"La kike hilo." Ngwamu!

Akaenda kwa Nguruwe. Nguruwe habari zilikwisha kumfikia, hakungoja hata kuulizwa. "Jiwe, bwana! Jiwe Nyundo Radi!" Chui akacheua, akapita. Alikuwa ameshiba, msije mkamsifu Nguruwe bure.

Siku ya tatu akafika mwambani kwa Pimbi. Pimbi mnamjua, kale kanyama ka kwenye mawe, kafupi, hakana mkia, kanatazama watu kama kanawadai.

"Umezaa?"

"Nimezaa."

"Dume?"

"Dume."

"Jina?"

Angeweza kusema Jiwe. Mawe yalimzunguka kila upande. Lakini mtoto yule alizaliwa kiangazi kikali, visima vimekauka, ulimi wa mama umegandamana na kaakaa, maziwa hakuna. Watoto wawili waliomtangulia walikufa kwa kiu, aliwazika kwa mikono yake. Alfajiri ile Pimbi akalamba mwamba kwa kukata tamaa, akakuta umande. Akalamba, akalamba, akalamba, maziwa yakashuka, mtoto akaishi. Sasa amkane aliyempa mwana? Moyo ulimgomea.

"Umande," akasema.

"La kike hilo," akasema Chui, akanyanyua mkono.

"La kike, bwana mkubwa, hujakosea," akasema Pimbi haraka haraka. "Mtoto wako huyo. Ila, hata wewe ni mwenye adabu zako, utamchukuaje mtoto nyuma ya somo wake? Aliyempa jina bado hajafika."

Maana sheria ya somo ilikuwepo kabla ya Chui. Mnaochangia jina mmekuwa ndugu. Somo hamli somo.

"Somo wake nani?"

"Umande mwenyewe. Anakuja kesho alfajiri, njia yake ni hii hii. Kaa hapa juu ya mwamba, bwana, umzuie. Ukimzuia asifike, mtoto ni wako, na mimi mama yake nakuwa kitoweo cha pili."

Chui aliposikia kitoweo cha pili, mate yakamdondoka, to! to! to!

"Na akifika?"

"Akifika, unatuachia."

"Nimezuia nyati mimi!" akacheka Chui. "Nimezuia mamba kwenye mto wake! Nimwogope mwenye jina la kike? Akinipita, nakuachia mtoto na mwamba wako wote. Kobe awe shahidi."

Kobe ndiye aliyekuwa akiwapa watoto majina nchi ile. Kazi yake ilikuwa moja. Maji yaguse utosi, jina liitwe mara tatu mbele ya watu, basi, limekaa, halitoki tena.

Chui akakaa juu ya mwamba. Hakulala, tumpe haki yake. Macho kodo! Masikio wima! Akasikiliza nyayo, hakuna. Akasikiliza majani, kimya. Akanusa, hakuna mtu. Mpaka kukaanza kupambazuka hajapita hata sisimizi.

"Pimbi!" akanguruma. "Toka na mwanao! Somo wenu kaniogopa, hakuja!"

Pimbi akatoka polepole, mtoto mgongoni. Nyuma yake Kobe, nyuma ya Kobe wanyama wote, Paa na Kanga macho mekundu kwa kulia.

"Bwana mkubwa," akasema Pimbi, "hebu jitazame."

Chui akajitazama. Masharubu yake, kila unywele una tone. Mgongo wake wote umelowa, chepechepe. Na hapo jua likachungulia.

Ee jamani! Niwaambieje?

Kila jani lilikuwa na tone, na kila tone lilikuwa na jua lake dogo ndani. Nyuzi za buibui, ambazo jana hakuna aliyeziona, zilikuwa zimetanda kutoka kichaka hadi kichaka, zinametameta. Bonde zima limelowa. Kilima kizima kimelowa. Mpaka kule macho yanakokoma, kumelowa. Mvua ikija hubomoa, mto ukija huzoa. Huyu alikuja akaishika nchi nzima, akawanywesha walio na kiu mpaka sisimizi wa mwisho, na hakuvunja jani. Hata mtoto mchanga hakuamka.

Chui alisimama, mdomo wazi, akageuka huku, akageuka kule.

"Amepita wapi?" akauliza, na sauti haikuwa ile ya jana. "Nilikuwa macho. Amepita wapi?"

"Hakupita, bwana. Amekukalia."

Kobe akajikongoja, akanyoosha shingo, akamtazama Chui kichwani. "Maji yamegusa utosi," akasema. "Jina?"

"Umande!" wakaitika wote.

"Jina?"

"Umande!"

"Jina?"

"UMANDE!" Na aliyepiga kelele kupita wote ni Paa.

"Limekaa," akasema Kobe.

"Haiwezekani!" Chui akaruka. "Mimi dume! Jina hilo la kike!"

"La kike?" akasema Pimbi, mpole kabisa. "Hebu tukumbushe sheria yako. Dume lenye jina la kike ni la nani?"

"Langu."

"Unalifanyaje?"

"Nalila."

"Haya basi, bwana Umande. Anzia mkiani."

Chui akautazama mkia wake. Akawatazama wanyama. Akautazama mkia tena. Akameza mate, gulu.

"Linamfaa dume," akasema.

"Hatukusikia!" akasema Kanga.

"LINAMFAA DUME!"

Basi akasogea mpaka kwa kile kitoto mgongoni, akainamisha kichwa kikubwa kile, akasema taratibu, "Somo." Kitoto kikapiga chafya, chi! Na somo hamli somo. Chui akateremka mwambani, hakurudi kwa mama yeyote kuuliza jina. Jua likakausha yale matone mgongoni mwake, lakini pale yalipokaa pakabaki alama. Ndizo anazo mpaka leo. Anatembea nazo, na kila alfajiri somo wake humjia tena, na bado hamsikii.

Na funzo la hadithi hii, shemeji Shekiondo, ni kwamba wewe umesema kweli. Mtoto wa kiume apewe jina zito, aitwe Shoka, aitwe Nyundo. Ukimwita Umande ataishi, atapendwa, na chui watampigia magoti. Nani anataka balaa hiyo ndani ya nyumba?

Hadithi yangu naitundika hapo mlangoni. Anayeitaka aichukue, asiyeitaka ainame akipita.

Sasa leteni mtoto na bakuli la maji. Mjomba mtu ndiye wa kumgusa utosi. Na kama bado anasema halifai, haya, shemeji, anzia mkiani.