Jina Moja Juu ya Kiungo

Haya, sogeeni, na mwenye haraka aende zake. Leo sina sungura wala fisi. Nina kiungo cha bomba na watu watatu waliokipigania.

Siwatu alikuwa na kipaji cha kukiona chuma kichwani kabla hakijakatwa. Kheri, mkono wake ulikaza bolti bila kukosea. Na Bi Mlasi aliujua moto na vituko vyake vyote. Katika karakana moja, walijaribu mabomba ya kinu cha nyuklia, ambamo hupita chumvi iliyoyeyuka, yenye joto la kukifanya chuma kiwe chekundu.

Desturi ya karakana ile: kiungo kikifaulu, hugongwa jina la aliyekifanikisha, na jina ni moja tu. Siwatu alilitaka mno. Viungo vyake vyote vya awali vilivuja, hata wenzake wakambandika jina, Mama Chakavu.

Safari hii alibuni kiungo kisicho na mpira, maana mpira ungeungua: sahani mbili, pete ya chuma laini katikati, na bangili nene yenye bolti, ya kuzibana. Bila yeye, hapakuwa na cha kujaribu.

Bomba likapashwa moto kabla ya chumvi kuingia, bolti zikalegea. Kheri akavaa glavu, akalikabili joto lililomchoma nyusi, akazikaza upya kwa kupishanisha, moja huku, kisha ya mkabala wake.

“Kaka, fanya upesi!” Siwatu akamhimiza.

“Haraka haraka haina baraka, dada.”

Bila yeye, chumvi ingemwagika.

Chumvi ikapita vizuri. Mara umeme ukakatika, bomba likapoa, chumvi ikaganda ndani. Umeme uliporudi, Siwatu akakimbilia kupasha moto pale pale kwenye kiungo.

“Acha, mwanangu!” Bi Mlasi akamdaka mkono. “Chumvi ikiyeyuka huvimba. Ukianzia katikati itakosa pa kwenda, ilipasue bomba. Anzia kwenye tangi, penye nafasi, uje taratibu.”

Wakamtii, chumvi ikatiririka tena. Bila yeye, kiungo kingekuwa vipande.

Kheri akamulika kila upande. “Kikavu! Hakuna hata tone!”

Vigelegele vikapaa. Waliomtania Siwatu ndio waliombeba juu juu, naye akalia kwa furaha bila kujificha.

Mkuu wa karakana akamkabidhi nyundo. “Gonga jina, binti.”

Siwatu akaiweka chapa ya herufi S juu ya chuma, akainua nyundo. Hapo akaziona nyusi za Kheri zilizoungua. Na mkono wake mwenyewe ulikuwa bado una alama za vidole vya Bi Mlasi.

Nyundo ingali hewani, inawangoja ninyi. Je, wewe ungegonga jina la nani?